UCHAMBUZI: Wanaolilia kiti cha Waziri Mkuu watazame Canada kwanza

SERIKALI ya Canada iliponea chupuchupu mnamo Novemba 17, 2025. Wabunge 170 waliunga mkono bajeti ya serikali ya Waziri Mkuu Mark Carney huku 168 wakiipinga. Lau wabunge wawili tu wangaligeuza kura zao, serikali hiyo ingalianguka na wananchi wangalirudi debeni muda mfupi tu baada ya uchaguzi mkuu wa Aprili 28.

Hapa kwetu wakati huo taifa lilikuwa lingali linamwomboleza aliyekuwa Waziri Mkuu, marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 15, na wanasiasa walikuwa wamezama katika kampeni za chaguzi ndogo za Novemba 27. Si ajabu kwamba kura ya Ottawa haikuwashughulisha wengi. Hata hivyo, ni kura iliyostahili kutazamwa kwa makini na kila Mkenya anayesikia wanasiasa wakidai kuwa dawa ya matatizo yetu ni kuundwa kwa wadhifa wa Waziri Mkuu.

Madai hayo si mageni. Mswada wa BBI wa 2020 ulipendekeza wadhifa huo, na ripoti ya Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa (NADCO) ya 2023 ikaurejesha mezani. Katika mapendekezo yote mawili, Rais angebaki kuwa kiongozi wa taifa na wa serikali. Waziri Mkuu angekuwa mtu wa tatu au wa nne katika foleni ya itifaki. Chini ya BBI, Rais ndiye angemteua na Rais ndiye angeweza kumpiga kalamu.

Waziri Mkuu wa Canada ni kiumbe tofauti kabisa, na tofauti hiyo haimo katika jina la cheo. Imo katika jibu la swali moja: ni nani anayeweza kumwondoa, na kwa njia gani?

Tuanze na jinsi Bw Carney alivyoingia madarakani, maana Mkenya aliyezoea debe la urais angeweza kudhani ni mapinduzi. Mnamo Januari 6, 2025, Bw Justin Trudeau alitangaza kwamba angejiuzulu baada ya kuongoza tangu 2015. Aliyekuwa naibu wake na waziri wa fedha, Bi Chrystia Freeland, alikuwa amejiuzulu Desemba 16, 2024, na wabunge wa chama chao cha Liberal wakaanza kumkimbia Bw Trudeau mmoja baada ya mwingine. Wanachama wa chama hicho wakapiga kura, na matokeo yakatangazwa Machi 9. Bw Carney alizoa takriban asilimia 86. Siku tano baadaye, Machi 14, aliapishwa na Gavana Mkuu, Bi Mary Simon, kuwa Waziri Mkuu.

Siku hiyo alipoapishwa, Bw Carney hakuwa mbunge. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kwa wadhifa wowote wa umma. Sifa yake ilikuwa kwamba aliwahi kuwa gavana wa Benki Kuu ya Canada na baadaye wa Benki Kuu ya Uingereza.

Je, sheria ilivunjwa? La. Sheria ya Katiba ya 1867, ambayo ndiyo iliyoanzisha shirikisho hilo, haitaji kabisa cheo cha Waziri Mkuu. Inamtaja mfalme, Gavana Mkuu anayemwakilisha, na baraza la kumshauri. Mengine yote ni ada iliyorithiwa kutoka Uingereza: kwamba Gavana Mkuu humwita mtu anayeweza kupata imani ya Bunge la Wawakilishi, na kwamba mtu huyo asipokuwa mbunge hana budi kutafuta kiti upesi. Bw Carney alifanya hivyo. Mnamo Machi 23 alimwomba Gavana Mkuu avunje Bunge, akawania eneo bunge la Nepean jijini Ottawa, akashinda.

Mwananchi wa Canada, kwa hivyo, hampigii kura Waziri Mkuu. Karatasi yake ya kura ina majina ya wagombea wa eneo bunge lake peke yake, naye huweka alama kwa kalamu ya risasi. Kura huhesabiwa kwa mkono papo hapo kituoni, na anayeongoza, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Katika eneo la Terrebonne, Quebec, tofauti baada ya jaji kusimamia hesabu ya pili ilikuwa hiyo hiyo kura moja, na mzozo ukafika mahakamani kwa sababu ya kura iliyotumwa kwa njia ya posta ikarudishwa kwa mwenyewe kutokana na kosa la anwani kwenye bahasha.

Utaratibu huu una kasoro zake, na wanaousifu mno huzificha. Mnamo 2019 na tena 2021, chama cha Conservative kilipata kura nyingi zaidi nchini kote kuliko chama cha Liberal, lakini kikaambulia viti vichache. Katika uchaguzi wa 2021, Conservative walipata asilimia 33.7 ya kura na viti 119. Liberal walipata asilimia 32.6 na viti 160. Bw Trudeau akaendelea kutawala. Nchini mwetu matokeo ya aina hiyo yangaliibua maswali mazito, na si kwa maneno matupu pekee.

Mbona basi wao hawakumwagika barabarani? Nadhani jibu moja ni kwamba aliyeshindwa hakwenda nyumbani mikono mitupu. Kiongozi wa chama cha pili kwa wingi wa wabunge ndiye Kiongozi wa Upinzani. Ana kiti mbele ya Waziri Mkuu, mshahara wa ziada, nyumba rasmi, na haki ya kumhoji Waziri Mkuu na mawaziri wake kila siku ya kikao kwa muda wa dakika 45 zilizotengwa kwa maswali. Anabaki na ajira na jukwaa. Isitoshe, anajua kwamba serikali ikiteleza wiki ijayo, huenda yeye ndiye akaitwa.

Linganisha na Kenya tangu 2013. Mgombea wa urais anayeibuka wa pili, hata akiwa na kura milioni sita, hana hata kiti cha udiwani. Bw Odinga alipitia hali hiyo mara tatu mfululizo: 2013, 2017 na 2022. Ndiyo maana kila baada ya uchaguzi pametafutwa namna ya kumpa aliyeshindwa mahali pa kukalia, iwe kwa salamu za Machi 2018 kati yake na Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, au kwa mazungumzo ya NADCO. Na ndiyo maana cheo cha Waziri Mkuu kikarejea kila mara. Kinatajwa kama kigoda cha mgeni, si kama njia ya kuiwajibisha serikali.

Ikumbukwe pia kwamba huko Canada kiongozi mwenyewe anaweza kumwaga unga kijijini kwake. Katika uchaguzi wa Aprili 2025, kiongozi wa Conservative, Bw Pierre Poilievre, aliyekuwa bungeni tangu 2004, alibwagwa katika eneo lake la Carleton ingawa chama chake kilizoa zaidi ya asilimia 41 ya kura na viti 144. Ilibidi mbunge wa chama hicho kutoka Alberta ajiuzulu ili kumwachia nafasi, naye akarejea kupitia uchaguzi mdogo wa Agosti 18 katika eneo la Battle River–Crowfoot. Wagombea huko walikuwa 214, wengi wao wakiwa wanaharakati waliojiandikisha ili kupinga mfumo wa uchaguzi, hata wasimamizi wakalazimika kuwapa wapigakura karatasi tupu waandike jina kwa mkono. (Sisi tunaoishi kwa kupanga kurasa tunawaelewa wasimamizi hao.)

Sasa turudi kwa ile kura ya 170 kwa 168, kwa sababu hesabu yake inafunza kuliko hotuba.

Bunge la Wawakilishi lina viti 343. Aprili 2025 chama cha Liberal kilipata 169, Conservative 144, Bloc Québécois 22, NDP saba na Kijani kimoja. Ili kupita bila kutegemea mtu, Bw Carney alihitaji 172. Hakuwa nazo. Mnamo Novemba 4, siku ile ile bajeti iliposomwa, mbunge mmoja wa Conservative kutoka Nova Scotia, Bw Chris d'Entremont, alihamia upande wa serikali, na idadi ikawa 170. Lakini Spika, ambaye pia alichaguliwa kwa tiketi ya Liberal, hapigi kura isipokuwa pande zikitoshana nguvu. Zikabaki 169. Mbunge pekee wa chama cha Kijani, Bi Elizabeth May, akaunga mkono, zikawa 170. Upande wa pili, wabunge wawili wa NDP walisusia kura, na wawili wa Conservative hawakupiga. Bajeti ikapita.

Msomaji ataona kwamba waliosusia walijua wanachofanya. NDP ilikuwa imebaki na wabunge saba tu, bila kiongozi wa kudumu, na haikuwa na hamu ya uchaguzi mwingine. Haikutaka kuipenda bajeti, na haikutaka kuiangusha. Hiyo ndiyo nidhamu ya mfumo wa bunge: kura ya bajeti ni kura ya imani, na anayeipinga lazima awe tayari kwenda debeni.

Kuna waliothubutu. Mnamo Desemba 13, 1979, serikali ya Bw Joe Clark, ambayo ilikuwa na miezi sita tu, iliangushwa kwa sababu ya bajeti kwa kura 139 dhidi ya 133. Ile ya Bw Paul Martin iliangushwa Novemba 28, 2005, kwa kura 171 dhidi ya 133. Katika visa vyote viwili uchaguzi uliitishwa, serikali ikabadilika, na hakuna aliyemwondoa mtu kwa risasi wala kwa kesi ya miezi.

Ulinganisho na Juni 2024 hauepukiki. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipitishwa na wabunge wetu Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakavamia majengo ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia sahihi. Julai 11 akalifuta kazi karibu baraza lote la mawaziri. Katika mfumo wa Canada, serikali inayoshindwa kupata sheria yake kuu ya fedha haina pa kusimama. Huenda kwa wananchi. Kwetu Rais alibaki kwa sababu Katiba humpa miaka mitano isiyotegemea bajeti, na wabunge waliopitisha mswada huo nao wakabaki. Mkenya aliyetaka kuwajibisha mtu hakuwa na mlango wa kisheria wa kubisha hadi Agosti 2027, isipokuwa ule mgumu wa kumtimua Rais kwa kura za thuluthi mbili za mabunge yote mawili.

Hata hivyo, mfumo wa bunge una vichochoro vya kukwepea. Gavana Mkuu anaweza kuahirisha vikao vya Bunge kwa ushauri wa Waziri Mkuu. Mnamo Desemba 2008, Bw Stephen Harper, akijua kuwa upinzani umeungana kumwangusha, alimwendea Gavana Mkuu, Bi Michaëlle Jean, akapewa ahirisho, na aliporejea Januari muungano ule ulikuwa umelegea. Bw Trudeau naye alitumia mlango huo huo Januari 2025: Bunge lilifungwa hadi Machi 24 ili chama chake kipate muda wa kuchagua kiongozi mwingine. Ada inategemea watu kuona haya, na nchi ambayo viongozi wake hawaoni haya haina budi kuyaandika mambo hayo katika sheria. Kenya iko katika kundi gani, namwachia msomaji.

Hadi hapa nimesema juu ya bunge. Nusu ya pili ya mfumo huo ni shirikisho, nayo ndiyo inayomgusa moja kwa moja Mkenya anayefunga safari kwenda kufanya kazi huko.

Chukua mfano wa muuguzi kutoka Kenya. Viza yake hutolewa na serikali ya Ottawa. Leseni yake ya uuguzi hutolewa na chombo cha jimbo: akisajiliwa Ontario hawezi kudhani kwamba amesajiliwa Alberta. Hospitali atakamofanya kazi iko chini ya jimbo. Kadi yake ya matibabu na leseni yake ya udereva ni za jimbo, na shule ya watoto wake ni ya jimbo. Akishtakiwa kwa wizi, sheria inayomshtaki imetungwa na Ottawa, kwa kuwa sheria ya jinai ni moja nchini kote. Lakini mwendesha mashtaka na jengo la mahakama, kwa kawaida, ni vya jimbo. Akigombana na mwenye nyumba, hiyo ni sheria ya jimbo. Na akiwa Quebec, mkataba wake wa nyumba utasomwa chini ya sheria ya kiraia yenye asili ya Ufaransa, siyo ile ya Kiingereza inayotumika katika majimbo mengine tisa.

Mgawanyo huo umo katika vifungu vya 91 na 92 vya sheria ya 1867. Majimbo ni 10. Maeneo matatu ya kaskazini yana mamlaka yaliyokasimiwa na Bunge la kitaifa, kwa hivyo hali yao ni tofauti. Kila jimbo lina bunge lake na waziri mkuu wake, anayesimama na kuanguka kwa utaratibu ule ule wa imani. Hakuna anayeteuliwa na Ottawa kumsimamia, na Bw Carney hawezi kumfuta.

Lakini uhuru wa jimbo haungekuwa na maana bila mfuko. Majimbo ya Canada yanatoza kodi ya mapato, na yanamiliki madini, misitu na mafuta yaliyo katika ardhi yao. Kaunti zetu 47, chini ya Kifungu cha 209 cha Katiba, haziruhusiwi kutoza kodi ya mapato. Zimeachiwa kodi ya ardhi na ya burudani, pamoja na ada za huduma. Zilizobaki zinasubiri mgao kutoka Hazina Kuu, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ambao magavana wamelalamika mwaka baada ya mwaka kuwa hufika ukiwa umechelewa. Mtu anayengoja kupakuliwa hawezi kugomba na mpishi.

Wala Wacanada hawajalimaliza suala la pesa. Tangu 1957 Ottawa imekuwa ikitoa fedha za kusawazisha huduma kwa majimbo yasiyo na uwezo, na wajibu huo ukaingizwa katika Katiba ya 1982. Alberta, yenye mafuta, inanung'unika kwamba wakazi wake wanalisha wengine. Katika kura ya maoni ya Oktoba 2021, zaidi ya asilimia 60 ya wapigakura wa jimbo hilo walitaka kanuni hiyo iondolewe. Haikuondolewa, maana jimbo moja haliwezi kubadilisha Katiba peke yake. Quebec nayo ilikaribia kujitenga katika kura ya maoni ya 1995, ambapo waliokataa walikuwa asilimia 50.58. Mahakama ya Juu iliamua 1998 kwamba jimbo haliwezi kujitenga kwa uamuzi wake lenyewe, lakini wengi wakisema ndiyo kwa uwazi, pande nyingine zina wajibu wa kuketi na kujadiliana.

Kuna kifungu kimoja ambacho ningewaonya wapenzi wa Canada wasikibebe kuja nacho nyumbani. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa 1982 kinaruhusu bunge la kitaifa au la jimbo kutunga sheria inayokiuka haki fulani za kimsingi na kuitangaza kuwa haitaguswa na mahakama kwa misingi hiyo. Tangazo hilo hudumu miaka mitano, kisha huweza kurudiwa. Mwezi Oktoba 2025 Alberta ilikitumia kuwarudisha darasani walimu wapatao 51,000 waliokuwa wamegoma. Hebu walimu wetu wafikirie serikali yenye uwezo huo mikononi. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho, na ni heri.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Kenya iliwahi kuwa na Waziri Mkuu wa aina ya Canada. Mzee Jomo Kenyatta alishika wadhifa huo Juni 1, 1963, akiketi bungeni, huku Bw Malcolm MacDonald akiwa gavana na, baada ya uhuru, Gavana Mkuu. Katiba ya wakati huo ilikuwa na Seneti na majimbo saba yenye mabaraza yake, mfumo uliopiganiwa na chama cha KADU cha Bw Ronald Ngala na Bw Daniel arap Moi. Serikali ya KANU haikuyatakia mema majimbo hayo. KADU ilijivunja Novemba 1964, na Desemba 12 mwaka huo Kenya ikawa jamhuri yenye Rais mtendaji. Mfumo huo ulidumu miezi 18 pekee. Tangu hapo neno majimbo likachafuliwa, likaja kuhusishwa na kufukuzana, ingawa maana yake ya asili haikuwa hiyo.

Rasimu ya Bomas ya 2004 ilijaribu kumrudisha Waziri Mkuu mwenye mamlaka, na rasimu ya Kamati ya Wataalamu ya Novemba 2009 vilevile. Wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 ndio waliomwondoa na kuchagua urais tulio nao, wakakubali ugatuzi.

Anayetaka kumrejesha sasa hana njia ya mkato. Mahakama ya Juu iliamua Machi 31, 2022, katika kesi ya BBI, kwamba Rais hawezi kuanzisha mageuzi ya Katiba kwa kisingizio cha mpango wa wananchi. Imebaki njia ya Bunge, inayohitaji thuluthi mbili katika kila bunge na siku 90 kati ya kusomwa kwa mara ya kwanza na ya pili, au saini milioni moja za wapigakura na idhini ya mabunge ya kaunti zisizopungua 24. Na mageuzi yakigusa muhula wa Rais, majukumu ya Bunge au muundo wa ugatuzi, Kifungu cha 255 kinataka kura ya maamuzi ambamo angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wamejitokeza katika nusu ya kaunti.